Mzigo Umepotea Njiani, Hela Arudishe Nani?

Najua nimekuwa kimya kama wiki tatu hivi, na kuna wawili watatu wameshaniuliza kama nimedisko. Hapana jamani, nipo. Ni testi na asaimenti za kufunga muhula, halafu katikati yake nikapata msala wa asali. Huo msala ndio nataka kuuongelea leo. Sio kwamba nataka mnionee huruma. Ila humu mabwenini karibu kila chumba kuna mtu anauza kitu, kama sio mawigi ni viatu vya mtumba, kama sio viatu ni karanga au mafuta ya alizeti kutoka kwao. Na karibu wote tunatuma mizigo kwa njia ile ile niliyotuma mie. Kwa hiyo lililonikuta litakukuta na wewe, ni suala la muda tu.

Kwa wasiojua, kwetu ni Nduguti, mkoa wa Singida. Nduguti ndiyo makao makuu ya wilaya ya Mkalama, ile iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Kwetu kuna alizeti, kuna vitunguu, kuna kuku wa kienyeji, na kuna asali. Mjomba wangu ana mizinga yake, akivuna mie nachukua kwa mali kauli, nauza, namrudishia chake. Kwake nachukua lita moja kwa 9,000, mie nauza 15,000. Si biashara ya kujengea nyumba, lakini bumu likichelewa ndiyo inayoninunulia wali maharage.

Likizo iliyopita dada mmoja wa Dar alipata namba yangu kwa mtu niliyesoma naye sekondari. Akaagiza lita 6. Hakunijua, sikumjua, lakini alituma hela yote kabla: 90,000 ya asali na 5,000 ya usafiri, jumla 95,000. Hilo mliweke akilini. Mtu ambaye hajawahi kuniona alitoa 95,000 akampa mwanafunzi wa Nduguti kwa kuamini neno tu.

Siku ya kurudi chuo nikapaki chupa zangu sita kwenye boksi la biskuti, nikazitenganisha kwa magazeti, nikafunga selotepu kila upande, nikaandika jina na namba ya simu ya dada kwa maka peni. Alfajiri nikatoka Nduguti nalo mpaka Singida mjini. Pale stendi ya Misuna nikapanda basi la Dar. Mpango ulikuwa mie nishukie Dodoma, boksi liendelee hadi stendi ya Magufuli kule Mbezi, dada alichukue.

Sasa sikilizeni nilipokosea. Kwenye ofisi ya basi waliniambia mzigo unaandikishwa, ni 8,000, unapewa risiti. Konda alikuwa amesimama pembeni, akaninong'oneza: "We nipe tano, nauweka hapa mbele kwangu, utafika tu." Nikapiga hesabu haraka haraka. Dada alinipa 5,000 ya usafiri, nikienda ofisini naongeza 3,000 ya kwangu. Nikampa konda 5,000. Yaani niliona nimekuwa mjanja kweli.

Dodoma nikateremka. Boksi nililiona kwa macho yangu chini ya kiti cha mbele. Konda nikampa namba ya dada, nikachukua ya kwake. Nikamwandikia dada kwamba mzigo uko njiani, basi litaingia usiku. Akajibu: "Usiku siwezi mdogo wangu, natoka kazini nimechoka na Mbezi ni mbali. Nitaenda kesho asubuhi." Nikamjibu: "Sawa dada." Hayo maneno mawili nayo myaweke akilini.

Kesho yake asubuhi dada kafika stendi, mzigo hakuna. Nikampigia konda. Konda, bila wasiwasi wowote: "Mbona nilishampa jamaa? Alikuja jana usiku ule ule, akataja jina lililoandikwa kwenye boksi." Jamaa gani? Hajui. Ana sura gani? Hakumwangalia vizuri, kulikuwa na vurugu za abiria kushuka. Dada anasema hakumtuma mtu. Siku ya tatu simu ya konda ikawa haipatikani. Nikapiga ofisini kwao, swali likawa moja tu: "Risiti unayo?" Sina. "Basi mzigo huo sisi hatuutambui." Na hilo basi silitaji jina hapa, maana sina hata karatasi moja ya kuonyesha niliwapa kitu.

Ndipo ukaja ujumbe niliokuwa nauogopa: "Mdogo wangu, mimi asali sijapata. Naomba unirudishie hela yangu."

Jamani, nisijifanye mtakatifu. Jibu langu la kwanza lilikuwa baya. Niliandika: "Dada, mie mzigo nilishautuma. Ukishapanda gari sio wangu tena, mtafute konda." Namba ya konda nikamtumia, nikajiona nimemaliza kazi. Akanijibu mstari mmoja: "Huyo konda ulimchagua wewe au nilimchagua mimi?"

Nilikaa na hilo swali usiku mzima. Wenzangu chumbani walikuwa na ushauri wao. Mmoja akasema mbloku tu, atakupata wapi. Mwingine akasema huyo dada ndiye aliyetuma mtu achukue, sasa anataka ale na hela. Wa tatu, ambaye huwa namwona ana busara, akasema mgawane hasara nusu kwa nusu. Ukiyasikiliza haraka haraka yote yana mantiki. Mimi nayakataa yote matatu, na nitasema kwa nini.

Kwanza hilo la "ukishapanda gari sio wangu". Nilimuuliza rafiki yangu anayesoma sheria, akanionyesha Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 ya sheria zetu, ambayo misingi yake imetoka kwenye sheria ya Waingereza ya mwaka 1893. Mwanzoni nilifurahi, maana kweli imeandikwa kwamba muuzaji anayetakiwa kumtumia mnunuzi bidhaa, akishamkabidhi msafirishaji, kwa kuanzia inahesabika amemkabidhi mnunuzi. Nikasema si ndiyo hiyo sasa! Rafiki yangu akaniambia endelea kusoma. Chini yake kuna sharti: muuzaji lazima awekeane na msafirishaji makubaliano yanayofaa, kulingana na aina ya bidhaa na mazingira yake. Asipofanya hivyo na mzigo ukapotea, mnunuzi anaweza kukataa kuhesabu kwamba amekabidhiwa, au akamdai muuzaji fidia.

Sasa niambieni, wadau. Chupa sita za asali ya 90,000, anapewa konda bila karatasi, bila kuandika kilichomo, bila kukubaliana anayepokea ajitambulishe vipi. Hayo ni makubaliano yanayofaa? Hata mie mwenyewe mbele ya hakimu ningeona aibu kujibu ndiyo.

Waingereza wenyewe, kwa mlaji wa kawaida anayenunua kwa mfanyabiashara, walishakwenda mbele zaidi. Sheria yao ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 inasema bidhaa inabaki kuwa hatari ya mfanyabiashara mpaka imfikie mnunuzi mkononi, isipokuwa kama mnunuzi alijichagulia msafirishaji wake ambaye muuzaji hakumpendekeza. Na kwenye masoko makubwa ya intaneti kama eBay ni hivyo hivyo: mnunuzi akisema hajapata, na muuzaji hana namba ya kufuatilia inayoonyesha mzigo ulifika, hela inarudi kwa mnunuzi. Yaani dada wa Dar, bila kusoma sheria yoyote, aliniuliza swali lile lile wanalouliza wao. Konda alimchagua nani?

La pili, hili la "labda ni yeye kachukua". Inawezekana. Mpaka leo sijui, na sitajua. Lakini kutojua huko kumetoka wapi? Mie ndiye niliyekataa kutoa 3,000. Kwa hiyo siwezi leo kusimama nikamwita mtu mwizi kwa sababu ya giza nililolitengeneza mwenyewe.

Nikiwa fildi mwaka jana lilinitokea kitu kama hiki darasani. Kuna mwanafunzi wa kidato cha pili alisema daftari lake la mazoezi alilikusanya, mie nikawa silioni. Nikaanza kumkaripia, nikamwambia hukukusanya, usinidanganye. Mwalimu wangu msimamizi akanivuta pembeni, akaniuliza: "Ulipokusanya madaftari uliandika nani kaleta?" Nikasema hapana. Akasema: "Basi huna haki ya kumwita mtoto mwongo. Mwalimu ndiye mwenye kazi ya kuweka kumbukumbu, sio mtoto." Nililazimika kumpa alama ya zoezi lile kwa kumsahihisha upya. Labda yule mtoto alinidanganya kweli! Lakini kumkaripia mtu kwa kosa nisiloweza kulionyesha lilikuwa baya kuliko alama tano za bure. Muuzaji na mnunuzi naona ni vile vile. Aliyeshika mzigo, aliyechagua njia, aliyezungumza na konda ana kwa ana, ndiye mwenye kazi ya kuweka kumbukumbu. Mnunuzi ataweka kumbukumbu ya nini, wakati yuko Dar na mzigo hajauona?

La tatu, nusu kwa nusu. Hili lina sura ya haki, ndiyo maana ni gumu. Watu watasema si alichelewa kwenda stendi? Ndiyo, angekwenda usiku ule labda angelikuta. Lakini alinitaarifu, na mie nikajibu "Sawa dada." Pale ningeweza kumpigia konda nikamwambia usimpe mtu mzigo mpaka kesho. Sikupiga, nilikuwa nimechoka na safari nikalala. Ukishamwambia mtu sawa, huwezi kesho kumkata nusu ya hela yake kwa kufanya kile ulichomwambia ni sawa. Na msidhani ujumbe wa simu ni maneno ya hewani. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa kielektroniki haukataliwi kuwa ushahidi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. "Sawa dada" yangu ingesomwa kama ilivyo.

Basi nikafanya hivi. Nilimpigia simu, sio ujumbe, simu. Nikamwamkia, nikaomba radhi kwa jibu langu la kwanza, nikamwambia naomba siku tano niutafute mzigo, nikikosa narudisha yote. Siku tano zikaisha, sikupata kitu. Nikamrudishia 50,000 siku ile ile, nikamwambia 45,000 nitamalizia bumu likitoka. Nilipolipata nikamalizia. Zote mbili nilituma kwenye namba ile ile aliyolipia, na nikamwomba aniandikie kwamba amepokea 95,000 na hadai tena. Akaandika. Makato ya kutuma nikabeba mwenyewe.

Hesabu yangu iko hivi: mjomba 54,000, maana yeye asali yake ilitoka na konda hamjui. Chupa 3,000. Konda 5,000. Jumla 62,000 zimetoka mfukoni mwangu, achilia mbali faida ambayo sikuipata. Kwa mwanafunzi hizo si hela ndogo, wiki mbili nimekula chipsi kavu na chai. Yote kwa kuokoa 3,000. Mama nilipomweleza hakunionea huruma hata kidogo, alisema tu: "Hela ya mtu ni ya mtu. Umerudisha? Basi." Halafu akabadilisha mazungumzo.

Najua kuna msomaji hapa anasema huyu anatufundisha kuwa wajinga, sasa kila mnunuzi atasema hajapata. Hoja ni nzito, nisiipuuze. Matapeli wanunuzi wapo. Mie sisemi kila anayedai arudishiwe. Nasema kama HUNA ushahidi, rudisha. Kama unao, mambo yanabadilika: unamwonyesha risiti, unadai basi, na ikionekana alipokea na kusaini, basi hudaiwi kitu na unaweza kumwambia hivyo bila woga. Dawa ya mnunuzi tapeli ni risiti. Kumbloku hakumuumizi yeye peke yake, kunamuumiza na yule mkweli, kwa sababu kwenye simu yako wote wawili wanafanana.

Kwa hiyo kwa wale wenzangu wa biashara ya mabwenini, haya ndiyo ninayofanya sasa.

Mzigo naandikisha ofisini. Konda simpi kitu mkononi hata awe mchangamfu vipi. Kuna sababu zaidi ya karatasi: kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, anayefanya biashara ya kusafirisha vifurushi anatakiwa awe na leseni ya TCRA. Mwenye leseni ana mahali pa kushitakiwa. Mfuko wa konda hauna ofisi.

Kwenye risiti nahakikisha kumeandikwa kilichomo na thamani yake, sio "boksi 1" tu. Boksi moja linaweza kuwa la magazeti. Nalipiga picha na risiti yake, pamoja na namba ya gari, na zote namtumia mnunuzi kabla basi halijaondoka.

Jina la mpokeaji siandiki lote juu ya boksi kwa herufi za kusomeka kutoka mbali. Yule jamaa wa Mbezi alichohitaji ni macho tu. Sasa naandika namba ya simu, na ofisini nawaambia apewe anayeonyesha ujumbe wangu wenye risiti.

Kitu cha thamani kubwa nakipeleka Posta Singida mjini nikitume kwa EMS, kinapewa namba ya kukifuatilia. Watu wanadhani mambo ya kufuatilia mizigo yameletwa na kampuni za juzi. Umoja wa Posta Duniani ulianzishwa mwaka 1874, na leo una mfumo wake wa namba kwa vifurushi vinavyovuka mipaka: herufi 2, tarakimu 9, kisha herufi 2 za nchi kilikotoka. Ukiona inaishia TZ, ni cha kwetu hicho. Kila kinapopita kinasomwa. Kikipotea inajulikana kilisomwa wapi mara ya mwisho, na hapo ndipo unapoanzia kuuliza.

La mwisho, na naona ndilo kubwa: bei ya usafiri namwambia mnunuzi mapema, njia zote mbili. Namwambia yenye risiti ni 8,000, isiyo na risiti siuzi. Zamani niliogopa kusema 8,000 nikidhani atakimbia. Kumbe ningemuuliza tu yule dada, "ongeza 3,000 uwe salama," naamini angeongeza. Sikumpa nafasi ya kuchagua, nikamchagulia mie, halafu nilitaka hasara aibebe yeye.

Mtataka kujua kama dada aliagiza tena. Hapana. Baada ya kupokea ile 45,000 aliandika, "Asante mdogo wangu, Mungu akubariki, soma vizuri." Basi. Na mie simlaumu, hata mimi ningekaa mbali kidogo. Sikurudisha hela ili anunue tena. Nilirudisha kwa sababu ilikuwa ya kwake, na asali hakuila. Ila wiki jana amenipigia mtu mwingine wa Dar, anataka lita 3, anasema namba yangu kapewa na yule yule niliyesoma naye sekondari. Kabla sijamaliza salamu akaniuliza: "Unatuma kwa risiti?"

Nikamwambia ndiyo, ni 8,000. Akasema sawa.

Haya wapendwa, kwa leo niishie hapa, kesho saa mbili nina testi ya saikolojia ya elimu na bado sijagusa hata ukurasa. Niombeeni. Na nyie mnaotuma mizigo wikiendi hii, chukueni risiti jamani. Alamsiki.